Baridi ya Upole: Motakaa na Majira ya Baridi Katika Uingereza

Katika visa vyote vilivyowapata madereva wa Uingereza wa zamani, hakuna kilichowashangaza na kuwatahayarisha kwa pamoja kama kile cha motakaa kutokota kwa sababu imeganda. Mtu aliondoka kwake asubuhi ya Januari, barabara imevaa utando mweupe wa jalidi na upepo unachoma masikio, akaenda maili mbili au tatu akishukuru kwamba injini imekubali kuwaka; mara akaona mvuke wafuka kutoka katika kifuniko cha rejeta, akanusa harufu ya chuma cha moto, akasimama kando ya njia na kufungua boneti. Hapo alikuta ajabu: injini ilikuwa ya moto kiasi cha kuchemshia chai, na rejeta, iliyokuwa shubiri chache tu mbele yake, ilikuwa baridi kama mtungi uliolala nje. Upepo wa mwendo ulikuwa umeyagandisha maji ya sehemu ya chini ya rejeta, mishipa yake myembamba ikazibwa na barafu, na maji yaliyosalia ndani ya injini yakakosa mahali pa kwenda kupoa, basi yakachemka kama yaliyo katika birika. Dereva wa Voi au wa Dodoma, aliyezoea kuiona rejeta ikitokota mchana wa jua na kuinywesha maji ya dumu, angekisikia kisa hiki akadhani anafanyiwa mzaha.

Nimekitanguliza kisa hicho kwa kuwa ndani yake imo tabia nzima ya baridi ya Uingereza, ambayo aghalabu si kali bali ni ya hadaa. Mji wa London uko mbali zaidi na ikweta kuliko mji wa Winnipeg ulioko Kanada. Lakini ilhali Januari ya Winnipeg hushuka kwa wastani mpaka nyuzi kama 16 za Sentigredi chini ya sifuri, Januari ya katikati ya Uingereza huwa na wastani wa nyuzi kama 4 juu yake, kwa fadhila ya bahari ya Atlantiki na mkondo wa maji ya uvuguvugu unaovuka bahari hiyo kutoka pande za Ghuba ya Meksiko. Msikilizaji wa haraka atasema kwamba basi mwenye motakaa wa Uingereza alikuwa na raha, na mwenzake wa Kanada alikuwa na adhabu. Tarikhi ya motakaa haisemi hivyo. Baridi ya Winnipeg hupanga nyumba moja na watu kwa miezi mitano, ikajulikana inaamka saa ngapi na inataka nini, na kila mtu akaweka vifaa vyake tayari. Baridi ya Uingereza ni mgeni wa usiku mmoja, ajaye bila hodi kati ya mvua mbili, akapasua chombo cha thamani, akaondoka kabla ya adhuhuri, na mwenye nyumba akabaki akisema kwamba mwaka huu hapakuwa na baridi.

Katika miaka ya mwanzo ya motakaa, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, matayarisho ya majira ya baridi yalikuwa mepesi, nayo yalikuwa ni kutoendesha kabisa. Magari mengi yalikuwa ya wazi, hayana paa ila turubai, na tajiri aliyeyanunua kwa kutembelea mashamba wakati wa kiangazi hakuona sababu ya kujitesa Desemba. Motakaa iliingizwa bandani, maji yakamwagwa, magurudumu yakainuliwa juu ya magogo ili mpira usikae na uzito mahali pamoja, chuma kikapakwa mafuta, na mlango ukafungwa mpaka siku zirefuke. Baadaye kodi nayo ilisaidia kuidumisha desturi hiyo: tangu 1921 kila motakaa ilitozwa pauni moja kwa kila nguvu ya farasi iliyokadiriwa katika injini yake, na kwa kuwa kodi iliweza kulipwa kwa robo ya mwaka, mtu mwenye hesabu aliona ni israfu kulipia miezi ambayo chombo chake kitalala.

Waliobaki barabarani katika miezi hiyo walikuwa watu wa kazi, kama madaktari na wachuuzi, na madereva wa matajiri. Wengi katika hao madereva walikuwa jana na juzi watunzaji wa farasi, waliofundishwa kazi mpya baada ya mabwana zao kuuza magari ya kukokotwa. Na desturi za zizini hawakuziacha nyuma. Farasi aliyesimama kwa jasho katika baridi hufunikwa blanketi, na motakaa iliyosimama mbele ya ukumbi wa karamu ikafunikwa blanketi juu ya boneti yake vilevile. Nami sioni la kucheka, maana blanketi lile lilikuwa na faida ileile kwa wote wawili.

Lakini blanketi halitoshi usiku kucha, na hapa ndipo ilipozaliwa ile kazi ya kila jioni ambayo vizazi viwili vya Waingereza waliifanya wakinung'unika. Motakaa ilipofika nyumbani, injini ingali ya moto, mwenyewe alipiga magoti katika matope na kutafuta koki mbili: moja chini ya rejeta na ya pili ubavuni mwa injini, mahali ambapo mkono hupita kwa shida na kutoka na mchubuko. Aliyefungua moja akaisahau ya pili alikuwa hajafanya kitu, kwa sababu maji hubaki ndani ya tumbo la chuma yakingoja alfajiri. Hata aliyezifungua zote mbili hakusalimika kwa hakika, kwani kutu na chokaa ya maji hukusanyika katika tundu la koki, maji yakatiririka kidogo kisha yakakoma, na mtu wa haraka akadhani yamekwisha. Mjuzi alichukua waya, akauchokoa ndani ya tundu, na aghalabu maji ya kahawia yalimrukia mkononi kwa nguvu mpya. Baada ya hapo alifunga kwenye usukani kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa kwamba ndani hamna maji, asije yeye mwenyewe, au mwanawe, akaiwasha asubuhi ikiwa kavu na kuiunguza.

Asubuhi ilikuwa na ibada zake. Maji ya uvuguvugu yaliletwa kwa ndoo kutoka jikoni, wala si ya kuchemka, maana chuma cha kusubu kilicho baridi kikikutana na maji yanayotokota hupasuka kama bilauri. Mafuta ya injini yalikuwa yameganda mfano wa samli ya asubuhi ya kipupwe, na hendeli ya kuwashia ilizunguka kwa uzito wa jiwe la kusagia. Aliyefunzwa vizuri alishika hendeli kwa vidole vyote vitano upande mmoja, dole gumba halikuzungushwa upande wa pili, kwani injini inapokaidi na kurudi nyuma ghafla huondoka na dole hilo au huvunja kiwiko. Wamarekani walikuwa na kiwashio cha umeme katika Cadillac tangu 1912, na kifaa hicho kilienea upesi. Lakini Mwingereza hakuiacha hendeli yake mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili, kwa sababu betri katika baridi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake wakati uleule mafuta mazito yanapozidai zote. Wako waliowasha taa ndogo ya mafuta ya taa na kuiacha usiku kucha chini ya injini ili isife baridi, na katika hao wako walioamka wakakuta injini imepata joto kupita haja, na banda pia.

Sharti nieleze sasa kwa nini maji matamu ya kunywa yageuke jambazi wa kuvunja chuma. Karibu kila kitu kikipoa hunywea, na maji nayo hunywea mpaka yafikie nyuzi 4 juu ya sifuri, kisha yakaanza kinyume chake. Na yanapoganda hutanuka kwa kadiri ya sehemu 9 katika kila 100. Barafu haiombi nafasi, huichukua. Ikiwa imefungiwa katika kuta za injini, ukuta utatoa ufa, wakati mwingine mwembamba kama unywele, usioonekana mpaka barafu iyeyuke; ndipo mwenyewe, akifurahi kwamba jua limetoka, aone tone la kwanza likichuruzika. Injini nyingi zilikuwa na vizibo vya chuma chembamba vilivyopachikwa katika matundu yaliyoachwa kiwandani wakati wa kusubu, na vizibo hivyo mara nyingine vilisukumwa nje na barafu, ukuta ukapona. Watu wakavipenda kana kwamba viliwekwa kwa himaya yao, lakini kuokoa kwavyo injini kulikuwa kwa bahati kuliko kwa ahadi.

Dawa zilijaribiwa nyingi. Chumvi ilizuia maji yasigande na ikaila rejeta. Asali na sukari zilitiwa, zikaacha utelezi na uvundo. Gliserini ilifaa kwa kiasi, ila ilikuwa nzito na haikupita vyema katika mishipa. Spiriti ilikuwa nyepesi na rahisi, lakini huchemka kabla ya maji kuchemka, kwa hiyo motakaa iliyopanda kilima kirefu mchana ilipumua dawa yake yote hewani, na usiku ikalala bila kinga ilhali bwana wake ana yakini kwamba inayo. Dawa ya kweli ilikuwa imekwisha kupatikana zamani bila ya mtu kujua kazi yake: Charles-Adolphe Wurtz, mwanakemia wa Kifaransa, alitengeneza glikoli katika miaka ya 1850, wakati ambapo hapakuwa na motakaa wala rejeta ya kuitilia. Ilingoja takriban miaka 70. Mwaka 1927 ilianza kuuzwa Marekani kwa jina la Prestone, na katika miaka iliyofuata ikavuka bahari kwa majina mengine.

Glikoli ina ajabu yake, nayo iliwaponza wenye pupa. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, mchanganyiko huvumilia mpaka nyuzi kama 37 chini ya sifuri. Lakini ikitiwa tupu, bila tone la maji, huganda kwenye nyuzi kama 13 tu. Kila kimoja peke yake ni dhaifu, na viwili pamoja vina nguvu ambayo haimo katika kimojawapo. Mwingereza wa kawaida hakukaribia hata nusu: alitia robo, au chini ya robo, kwa kuwa dawa ilikuwa ghali na baridi ya nchi yake ilikuwa ya upole, kisha kila rejeta ilipopungua aliongeza maji matupu, mpaka kufikia Februari alikuwa na kumbukumbu ya dawa kuliko dawa yenyewe. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili glikoli ilitakiwa angani. Injini za Merlin zilizorusha ndege za Spitfire zilipozwa kwayo. Petroli ya matembezi ya watu binafsi ilikomeshwa kabisa mwaka 1942, motakaa zikarudi juu ya magogo kama za babu zao, na wengi waliozihifadhi walizifungua vita vilipokwisha wakakuta koki moja ilisahauliwa.

Kisha ikaja baridi ya 1947, ambayo haikuwa ya upole. Tangu tarehe 22 Januari hata tarehe 17 Machi haikupita siku ambayo theluji haikuanguka mahali fulani katika Uingereza. Makaa ya mawe yalikwama njiani, umeme ukakatwa, viwanda vikafungwa. Sitakaa sana juu ya msiba huo, kwa sababu ni tarikhi ya makaa kuliko ya motakaa. Lililo muhimu ni kwamba ulipokwisha ulisahauliwa. Morris Minor iliyotokea mwaka uliofuata, gari lililopendwa na walimu, wauguzi na mapadri, haikuwa na kipasha-joto cha abiria. Na Mini ya 1959, kazi ya Alec Issigonis, katika namna yake ya bei nafuu, iliuzwa bila ya kifaa hicho ila kwa anayeongeza fedha. Watu waliendesha na makoti, kofia na glovu, na blanketi la yule farasi wa zamani likahamia magotini mwa bibi aliyekaa kushoto.

Mini hiyo inanipa nafasi ya kutaja madhara ambayo nchi za baridi kali hazikuyajua sana. Injini yake ililazwa kwa upande, na kile kifaa kinachogawa cheche kwenda kwenye plagi kikaangukia mbele kabisa, nyuma ya wavu wa mbele unaopokea mvua. Theluji kavu ya Kanada ingepita bila dhara. Mvua ya Novemba ya Uingereza, ile ya rasharasha isiyoisha, iliingia humo na kuizima motakaa katikati ya barabara. Wenye Mini wakapata hikima ya jikoni: walichukua glovu ya mpira ya kuoshea vyombo, wakakata ncha za vidole, wakapitisha kila waya wa plagi katika kidole chake, na kiganja wakakivika juu ya kile kifaa. Aliyefungua boneti bila habari aliuona mkono wa rangi ukimnyooshea vidole.

Hali kadhalika karbureta. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto la hewa inayopita, na ikiwa hewa hiyo ina unyevu mwingi, unyevu huganda kooni mwa karbureta na kuisonga injini. Jambo hili halitokei sana katika baridi kuu, maana hewa iliyoganda ni kavu. Hutokea maridhawa hewa ikiwa na ukungu na joto likiwa nyuzi chache juu ya sifuri, yaani katika hali ambayo Mwingereza huiita siku isiyo mbaya. Na ikiwa dereva aliyekwama alisimama kando ya njia akaenda kutafuta msaada, joto la injini liliiyeyusha barafu nyuma yake, na fundi alipokuja motakaa ikawaka kwa mguso wa kwanza. Sijui fedheha iliyo nzito kuliko hiyo.

Barabara yenyewe ina siri ya namna hiyohiyo. Barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri hushika tairi kuliko barafu iliyo karibu na kuyeyuka, kwa hiyo njia ya Kent au ya Devon yaweza kuteleza kuliko ya Siberia. Wafini walitengeneza tairi la kwanza la majira ya baridi mwaka 1934. Watu wa Dakota Kaskazini walipata katika miaka ya 1940, kwa ubunifu wa Andrew Freeman wa Grand Forks, kipasha-injini cha umeme, hata motakaa za pande zile zikawa na waya unaoning'inia puani. Mwingereza hakununua tairi wala waya, na sheria yake hadi leo haimlazimishi kuwa na tairi la baridi. Alichagua kutia chumvi.

Chumvi hiyo huchimbwa Winsford, katika jimbo la Cheshire, zaidi ya mita 100 chini ya ardhi, nayo si nyeupe kama ya chumvini kwetu bali ni ya wekundu wa udongo. Ilikuwa ikitumika barabarani tangu zamani, lakini baridi ya 1963 ndiyo iliyoifanya kuwa ada. Theluji ilianza tarehe 26 Desemba 1962, na Januari iliyofuata katikati ya Uingereza ikawa na wastani wa nyuzi 2 chini ya sifuri. Majira ya baridi namna ile hayakuwa yameonekana tangu 1740. Bahari iliganda ufukweni Herne Bay, na mjini Oxford motakaa iliendeshwa juu ya mto Thames. Barabara kuu ya M1 ilikuwa haijatimiza miaka minne, na taifa lililozoea kuhamisha biashara yake kwa malori halikuweza tena kungoja jua. Basi malori ya chumvi yakatoka kila usiku uliotiliwa shaka, na katika nchi ambayo joto huzunguka sifuri, nyusiku za shaka ni nyingi kuliko za baridi.

Na tazama jinsi upole ulivyotenda tena. Chumvi hulegea baridi inapopita kama nyuzi 10 chini ya sifuri, ndiyo sababu Winnipeg humwaga mchanga. Uingereza ni mahali pake hasa. Lakini kutu nayo hupenda unyevu usioganda. Motakaa ya Kanada iliyojaa chumvi ikalala nje katika baridi kuu husimamisha kutu yake mpaka joto lirudi. Ya Uingereza hulala na chumvi mbichi usiku wa nyuzi 5 juu ya sifuri, na kutu hula bila kupumzika. Ilianza nyuma ya matao ya magurudumu, ikashika vizingiti vya milango, ikaingia katika mifupa ya gari ambayo jicho halifiki. Serikali ilikuwa imeanza mwaka 1960, wakati wa waziri Ernest Marples, ukaguzi wa lazima kwa magari yenye umri wa miaka 10, na kufikia 1967 ukateremshwa hadi miaka 3. Na kwa muda mrefu kutu ilipeleka magari mengi jaani ambayo injini zake zilikuwa zingali na uzima. Ile injini iliyohofiwa kupasuka, iliyotolewa maji kila jioni na kufunikwa kama farasi, sasa ilidumu kuliko nyumba yake. Waangalifu walipaka nta na lami uvunguni kila Oktoba na kuosha chini ya gari kwa mpira wa maji kila baada ya theluji. Baadhi ya viwanda, Audi kuanzia 1985, vilianza kuvika bodi yote zinki, na mambo yakatulia kiasi.

Kwetu pwani habari hizi huja kwa meli. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika gereji moja ya Mombasa, siku ambayo motakaa iliyotumika Uingereza, rangi yake ingali ya kung'aa, iliinuliwa kwa jeki. Fundi alijilaza juu ya boksi lililokunjuliwa, akaanza kugonga kizingiti cha mlango kwa mpini wa bisibisi: ngo, ngo, ngo, kisha sauti ikawa ya karatasi, akageuza bisibisi, akasukuma kidogo, ikazama mpaka mpini. Alitoka na kiganja kimejaa magamba ya kahawia, akanionyesha bila kusema neno. Kisha akaifungulia rejeta, na majimaji ya kijani yakashuka katika beseni.

"Haya ni maji ya kwao, mzee," aliniambia. "Huku baridi iko wapi? Sisi twatia ya mfereji." Pembeni pake, juu ya benchi, palikuwa na themostati mbili tatu zilizotolewa katika magari mengine na kuachwa, kwa ule mtazamo wa mafundi wetu kwamba kifaa cha kuiharakishia injini joto hakina kazi penye joto. Nilijaribu kumweleza kwamba maji yale ya kijani yana dawa ya kutu pia, na kwamba huchelewa kutokota kuliko maji matupu, kwa hiyo yanafaa kilima cha Mariakani kama yanavyofaa London. Akanisikiliza kwa adabu, kama mtu asikilizavyo hadithi ya safari, akaendelea kukinga. Ndipo nikamwambia kwamba yana ladha tamu, na kwamba paka akiyaramba hufa. Hilo lilimwingia mara moja. Paka wa gereji alikuwa amelala juu ya tairi hatua mbili kutoka pale. Fundi alimtazama, akainuka, akalibeba beseni kwa mikono miwili na kuliweka juu ya kabati, akalifunika kwa kipande cha mbao na kukikandamiza kwa themostati.